Upande wa Ndiyo

Mwalimu Ashworth alirusha sarafu darasani,
ikalala kichwa juu, na Nabintu akapata upande wa ndiyo:
kwamba mataifa tajiri yana haki
ya kuingilia mambo ya nchi maskini.
Dakika tatu. Alhamisi, ukumbi wa shule, hapa Rochdale.

Leo Jumanne. Nimetoka zamu ya usiku kiwanda cha mikate,
unga ungali kwenye nyusi,
naye kasimama mbele ya friji,
mwiko mkononi badala ya kipaza sauti.
"Baba, kuingia na kuingilia ni kimoja?"

Kuingia, namwambia, ni mlango.
Kuingilia ni mlango ambao mwenyewe hakuufungua.
(Neno hilo lina maana ya tatu.
Hiyo sikumpa. Ana miaka kumi na mitatu,
na mama yake alikuwa anaosha sufuria, katupa mgongo.)

"Nipe mifano. Majaji wanapenda mifano."

Nikakunja mkono wa shati.
Kovu hili, duara kama kifungo,
ni la sindano iliyoletwa na watu nisiowajua majina.
Mdogo wangu Lushombo alizaliwa
gari lao lilipokwisha kuacha kuja.
Sina mdogo. Andika.

Andika na pampu ya kijijini kwa shangazi:
rangi ya buluu, kibao cha shaba, ZAWADI.
Mwaka wa pili mpira wake ukakatika,
kitu kidogo, unene wa bangili ya mtoto.
Tukatuma barua. Mwezi wa saba likaja jibu,
karatasi ya maswali, kurasa nne:
Je, mmeridhika na maji kwa kiasi gani? Weka alama.
Shangazi akaweka alama kila mahali, kwa heshima,
akabeba ndoo, akarudi mtoni.

"Hiyo inawasaidia wa hapana," akanuna.

Najua. Na ule mkopo uliofunga zahanati,
masharti yake yameandikwa kwa lugha
ambayo waziri mwenyewe aliisoma kwa kidole,
huo nao utawasaidia.
Mama yake akageuka, povu hadi kwenye viwiko:
"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hawakusema mwenyeji apokee masharti."

Na wale askari wa kilimani?
Walikuwa na darubini. Waliona vizuri sana.
Waliandika saa, idadi ya nyumba, upande wa upepo.
"Hao niwaweke wapi, Baba?"
Sijui, mwanangu.
Usiku ule nilikuwa upande wa ndiyo, mzima mzima,
nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mihogo,
nikiomba mtu yeyote, wa taifa lolote, aingilie.

Kimya. Friji ikanguruma.
Kisha yeye, taratibu:
"Mto ulipofurika, Bwana Hargreaves alipiga hodi?"

Hakupiga. Alivunja dirisha la nyuma kwa sepetu,
akambeba Bibi na blanketi lake,
maji kiunoni, akiitukana halmashauri ya mji njia nzima.
"Basi nyumba ikizama, hodi haina kazi."
Haina. Lakini kesho yake alirudi na kioo,
akasimama nje, mvua inampiga,
akauliza kama anaweza kuingia.
"Na hakuhamia sebuleni."
Hakuhamia.
"Wala hakuleta karatasi ya maswali."
Alileta biskuti. Zilikuwa mbaya. Tukazila.

Akaandika mpaka nikasinzia pale pale mezani,
shavu juu ya bili ya gesi.

Alhamisi alishindwa kwa alama mbili.
Jaji mmoja ameandika kwa wino wa kijani:
Mifano mizuri sana. Msimamo haueleweki.

Nimeibandika kwenye friji.
Kila nikitoka zamu, kabla sijavua viatu,
naisoma tena.